Msinibebe

Ngazi ni kumi na saba. Nimezihesabu mara mbili,
kama mtu anayehesabu chenji yenye shaka.
Ya tatu imemeguka pembe. Ya tisa ina alama ya kiatu
kilichokanyaga saruji ingali mbichi,
kiatu cha fundi aliyejenga, akashuka,
akaenda zake bila kuniwazia.

Nimetoka Hombolo alfajiri, bwana karani.
Lori la zabibu lilinishusha Ipagala,
kutoka Ipagala nikanyonga mwenyewe, kwa mikono,
upepo wa Agosti ukinijaza vumbi mdomoni.
Mnyororo huu ni wa Phoenix ya marehemu baba.
Fremu aliichomea fundi Ngobito, pale Majengo,
kwa deni ambalo hadi leo hanidai.

Kaka zangu wamekwisha panda.
Namsikia Ndahani akikohoa huko juu,
na faili la shamba la baba liko huko huko:
ekari mbili, miche mia nane
niliyoipogoa mimi miaka yote,
maana mzabibu haujivuni,
unamfikia hata mtu aliyeketi.

Ukachungulia dirishani. Una sura ya upole, nakiri.
"Mama, usisumbuke. Ngoja hapo hapo,
tutakuletea karatasi utie dole."
Dole! Mimi naandika.
Mwalimu Chiwanga aliusifu mwandiko wangu,
yeye aliyenisukuma kwa toroli hadi darasani;
na siku asiyokuja, sikwenda.
Ndiyo maana nimeishia la nne.

Wakaja vijana wawili wa bodaboda,
mikono wameikunjua, nyuso zimelowa huruma:
"Tukubebe, bibie?"

Msinibebe.

Nimebebwa vya kutosha.
Nimebebwa siku ya kura, mgongoni, kama kiroba cha uwele,
na aliyenibeba akaninong'oneza nimemchagua nani,
kana kwamba mgongo wake ulikuwa nauli.
Nimebebwa kanisani hadi mbele, nionekane,
sadaka ikachangwa, pambio likapigwa,
asiniulize mtu nataka kuombewa nini.
(Nilitaka mvua. Kama wao.)
Nimebebwa hadi leba, muuguzi akacheka:
"Na huyu naye, nani kamgusa?"
Mtoto yule leo ana miaka kumi na tisa.
Hajawahi kunibeba. Hunitangulia kufungua mlango.

Ninyi mnaobeba mnachoka, tena mna kwenu.
Siku mkichoka, haki yangu italala wapi?
Huruma ni mvua ya Ugogo:
ikija tunapiga vigelegele,
isipokuja hakuna wa kumshitaki.
Mimi nataka kisima.

Sheria ipo. Niliisikia redioni nikichambua mlenda:
jengo la umma liwe na njia ya kila mtu.
Sikuliomba neno hilo; nimelikuta limeandikwa.
Kwa hiyo nimeegesha hapa, mbele ya ngazi ya kwanza,
breki nimeifunga kwa kanga.
Anayetaka kupanda aniombe njia.
Aonje, kidogo tu.

Saa tano. Saa sita. Mwanamke mmoja alinipa maji,
mwanamume mmoja alinipa tusi.
Saa nane faili likashuka,
mikononi mwako, bwana karani,
na kaka zangu nyuma yako kama wanafunzi waliochelewa.

Nikasoma kila ukurasa.
Upepo ukizifunua, mimi nazirudisha.
Wamo Ndahani, Chilewa, Mbeleje.
Watoto watatu wa marehemu, imeandikwa,
na hakuna mwingine.

Ndahani akaangalia viatu vyake.

Nikaomba kalamu. Nikaandika PINGAMIZI,
herufi kubwa, zimesimama wima zote,
na chini yake jina langu: Sechelela.
Kwa lugha ya nyumbani maana yake ni furahi.

Bado sijafurahi.
Kesho narudi, na keshokutwa.
Mchanga upo mtoni bure, saruji naulizia bei.
Ngazi bado ni kumi na saba.